Sauti ya Wodini

Mke wangu ana sauti mbili, na ile nzuri si yangu.

Yangu ni ile ya "umefunga geti?" na "mbona nguo hukuanua?" Haina chumvi wala sukari, na mara nyingi inanifikia kutoka jikoni huku mwenyewe simwoni. Nilikuwa nimeizoea. Nilidhani ndiyo aliyojaliwa. Kuna watu wamezaliwa na sauti ya kuimba, mke wangu akazaliwa na sauti ya kuulizia geti, tukaoana, maisha yakaendelea.

Ile nyingine niliisikia siku nilipopeleka magodoro hospitali.

Mimi ni fundi wa sofa. Mtaani wananiita Sponji, na silalamiki, ni jina linaloleta wateja. Mke wangu ni nesi katika wodi ya wagonjwa wa akili, na ole wako uiite wodi ya vichaa mbele yake, atakupa za uso hata kama wewe ni mkwewe. Miezi hiyo hospitali yao ilikuwa imepata mtu mpya, wanamwita Mtaalamu, aliyekuja kuwafundisha manesi namna ya kuitibu akili kwa kupitia mwili. Dawa zinaendelea kama kawaida, hakuna anayenyang'anywa kidonge chake, lakini juu ya dawa mgonjwa anafundishwa kupumua, kulegeza misuli, kuusikiliza mwili unapoanza kukaza kabla mambo hayajaharibika. Nikisikia hayo mezani nilikuwa naguna tu. Kupumua! Mimi napumua tangu nizaliwe na hakuna aliyenipeleka kozi.

Basi kwa kazi hiyo walihitaji magodoro membamba ya kulalia chini, na mke wangu akawaambia, "Mume wangu anashona." Nilifurahi sana. Nilichagua sponji ngumu isiyobonyea upesi, nikaivalisha kitambaa kinachofutika, nikazishona kingo mara mbili. Siku ya kupeleka nikajitwika la kwanza mwenyewe, nikaingia nalo kwenye korido ya wodi.

"Hapo ulipo panatosha," sauti ya mwanamke ilikuwa inasema nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. "Huna pa kwenda kwa sasa. Yasikilize mabega yako. Usiyasukume. Yaache yashuke yenyewe, taratibu, hakuna anayekuharakisha."

Nilisimama na godoro langu kichwani. Sauti ilikuwa ya chini, ina joto, kila neno linapewa nafasi ya kukaa kabla jingine halijaja. Mabega yangu mwenyewe yakashuka, wallahi, godoro likanitelezea usoni. Nikajisemea, huyu mama amebarikiwa, mume wake ana raha. Halafu nikachungulia.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya jibaba lililokaa kwenye kiti. Nilimjua yule mtu kwa sifa zake. Wodini wanamwita Jenerali kwa sababu anatoa amri, na asipotiiwa anavunja madirisha. Kuna jioni mke wangu alirudi na mkono umevimba kwa ajili yake. Sasa Jenerali ametulia kama mtoto aliyenyonya, macho wazi, anashusha pumzi ndefu, na mke wangu anamtazama kama hakuna mtu mwingine duniani. Nyuma yao, karibu na dirisha, amekaa mwanamume mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na soksi safi, viatu amevua, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilijua papo hapo kwamba ndiye Mtaalamu.

Roho iliniuma, sina haja ya kuficha. Iliniuma mahali ambapo sikujua pana roho. Miaka yote nimelala ubavuni mwa mwanamke huyu na sijawahi kuambiwa kwamba hapo nilipo panatosha. Nilipo mimi hapajawahi kutosha. Ama nimekaa njiani anapotaka kufagia, ama nimelalia upande wake.

Magodoro yaliyobaki niliyaacha mapokezi, nikamwambia shemeji yangu awaite wahudumu waje kuyachukua. Shemeji huyu ni mdogo wake mke wangu, kazi yake ni kuandikisha wagonjwa, na kazi yake ya pili ni kunitania.

"Mbona umenuna, shemeji? Magodoro yamekukataa?"

"Nina kazi nyingi."

"Kazi au umemwona Mtaalamu? Wanaume wote wakimwona wanatoka hivyo hivyo, wamebana midomo. Soksi zake tu!"

Nilijua anatania, lakini soksi zile nilikwenda nazo hadi karakana, na siku hiyo nilishona mgongo wa kiti kichwa chini miguu juu.

Jioni ile nilijaribu bahati yangu. Mke wangu aliporudi nilikuwa nimejibwaga kwenye kochi, nimepandisha mabega hadi masikioni, na kila akipita naguna.

"Una nini?"

"Mabega," nikasema kwa unyonge. "Yamekaza. Yanataka kuambiwa yashuke."

Alinitazama kidogo, akaingia chumbani, akatoka na kidonge cha maumivu na glasi ya maji. "Kunywa ukalale. Geti umefunga?"

Nilikunywa kile kidonge kwa hasira. Sikuwa na maumivu yoyote.

Kuanzia hapo nami nikawa na kazi ya pili: wivu. Nilianza kusikiliza simu zake zinapolia. Nilianza kunusa nguo zake za kazi, ambazo zilinuka dawa ya kufutia sakafu, kama siku zote. Asubuhi moja nikiwa nje ya bafu nikaisikia ile sauti humo ndani, ile ile, "vuta pumzi polepole, iache itoke yenyewe, ndiyo, hivyo hivyo." Nilisukuma mlango bila kubisha. Alikuwa peke yake, uso umejaa povu la sabuni, mkononi kashika mswaki.

"Wewe! Una wazimu?"

"Unaongea na nani?"

"Najifunza! Leo naongoza kundi. Unadhani maneno yanakuja tu?"

"Kwa hiyo sabuni inapata sauti ile, mimi nisiipate?"

Alinitazama kwa muda mrefu, povu linamdondoka kidevuni, kisha akafunga mlango kwa mguu. Siku nzima nilijiona mjinga, na jioni nikawa mjinga zaidi, kwa sababu nilikaa dirishani kumsubiri. Ndiyo ilikuwa tabia yangu mpya. Karakana yangu iko uani, kwa hiyo ilikuwa rahisi. Saa yake ya kurudi ikikaribia naacha nyundo, naingia ndani, nasimama nyuma ya pazia. Akifika namfungulia mlango kabla hajatoa ufunguo, halafu naanza: leo umechelewa, ulikuwa na nani, mbona unatabasamu, mbona hutabasamu. Kwangu yale yalikuwa mapenzi. Mwanamume asiyeuliza ndiye asiyejali, nilijiambia, na mimi najali kupita kiasi.

Na kusema kweli nilikuwa na sababu ya kuuliza. Wodini mambo yalikuwa yanamwendea vizuri kupita kawaida. Shemeji ndiye aliyenipa habari, kila habari akiipaka pilipili kwanza. Jenerali siku hizi akihisi ngumi inajikunja anakwenda mwenyewe kwa nesi na kusema, "Sista, mkono umeanza." Anapewa kiti, anapumua, dirisha linapona. Wanamwomba mke wangu aongoze asubuhi na mchana. Metroni, mkuu wa manesi, anamtaja kwenye mikutano. Mtaalamu amesema hajawahi kuona nesi anayelishika jambo hili upesi vile, akasema ana kipaji, akasema mikono yake imetulia.

"Mikono yake ameijuaje?" nikamuuliza shemeji.

"Shemeji yangu, ana macho. Wewe nawe! Mtu anasifiwa kazi yake, unahesabu mikono."

Wiki hiyo hiyo, tukiwa tunakula, mke wangu akaweka kijiko chini.

"Wanataka nikaanzishe chumba kama kile kwenye hospitali nyingine. Mji mwingine. Nitakuwa nalala huko siku za kazi, narudi mwisho wa wiki."

Nikarudisha tonge sahanini. "Nani wanataka?"

"Hospitali."

"Hospitali ina mdomo? Ni nani kasema?"

"Mtaalamu ndiye aliyenipendekeza. Metroni amekubali. Wanataka jibu kabla ya wiki kwisha." Akakichukua tena kijiko. "Sijaamua. Nimekwambia ili tuzungumze."

Hatukuzungumza. Nilizungumza mimi. Nilisema mengi, na yote yalikuwa na soksi ndani yake. Nilimuuliza kama huko nako kuna mtu wa kuambiwa kwamba alipo panatosha. Nilimuuliza nyumba atamwachia nani, kana kwamba mimi si mtu. Alinisikiliza, akaosha vyombo, akaenda kulala. Mimi nilibaki kwenye kochi langu, zuri, nililolishona kwa mikono yangu, nikiwa na hakika moja tu: nikizubaa, nitampoteza mke.

Kesho yake nilimfuata shemeji mapokezi, nikamwambia nataka kuona kwa macho yangu kinachofanyika mle chumbani.

"Umeamua kuumwa?"

"Sitanii, shemeji. Niambie mtu anaingiaje."

Aliacha kucheka. Sijui aliona nini usoni mwangu. "Kesho kutwa ni siku ya ndugu," akasema. "Wanaouguza watu wao nyumbani wanakuja kufundishwa mazoezi yale yale, maana nao wamechoka. Anaongoza dada mwenyewe. Haandikishwi mtu, unaingia unalala. Lakini ukija kuleta fujo, shemeji, mimi sikujui."

Siku ilipofika nilivaa kofia niliyokuwa nimeiacha kuvaa siku nyingi, nikaishusha hadi kwenye nyusi. Nilichelewa makusudi. Mlangoni kulikuwa na safu ya viatu, nikavua vyangu nikaviweka mwisho, nikapenya kwa kunyata. Chumba kilikuwa na watu wa kutosha, wengi wao akina mama na wazee, kila mmoja chali kwenye godoro lake na kipande cha kitambaa juu ya macho. Mke wangu alikuwa amenipa mgongo, anamsaidia bibi mmoja kuweka mto chini ya magoti. Mtaalamu alikuwa pale pale dirishani, na leo soksi zake zilikuwa na mistari. Nililala godoro la nyuma kabisa, karibu na ukuta, nikajifunika macho.

Godoro lilikuwa la kwangu, bila shaka, yote yalikuwa ya kwangu. Kidole changu kilitambua mshono wa ukingoni. Niliwaza kwamba nimemshonea mke wangu kitanda cha kuwalaza watu wengine, na bado mimi nimeingia kama mwizi.

Kisha sauti ikaanza.

Sitaki kusema uongo, ilikuwa tamu. Alianzia miguuni. Akatuambia tuzisikie nyayo, tusizibadilishe, tuzisikie tu. Akapanda kwenye mashavu ya miguu, magoti, mapaja. Hakuwa na haraka. Watu walianza kushusha pumzi huku na kule, na mzee mmoja akakoroma. Mimi nilijikaza. Nilikuwa nimekuja kuchunguza, sikuja kulegea, lakini mwili ulinisaliti, tumbo likashuka, taya likaachia. Nikawa nasikiliza huku najiambia, hii ni yangu, hii ilipaswa kuwa yangu, na nyinyi nyote mmelalia haki yangu.

"Sasa," akasema, "tutafanya jambo moja la mwisho. Kila mtu atafute mahali ambapo mwili wake unakaza, na akumbuke ni wakati gani unakaza zaidi. Nitapita kwa kila mmoja. Ukitaka kusema, sema. Hutaki, nyamaza. Lakini tuna kanuni humu: anayeongoza anaanza na mwili wake mwenyewe, na hadanganyi. Nikidanganya mimi, nyinyi mtawezaje kusema kweli? Kwa hiyo naanza."

Nilitega sikio. Nilijua anachotaka kusema. Atasema wodi, nikajiambia, atasema kazi nyingi, wagonjwa wakorofi, Metroni.

"Mimi ni mabega na shingo," akasema mke wangu, kwa sauti ile ile. "Humu wodini hayakazi. Hata siku niliyopigwa na mgonjwa, yalishuka kabla sijamaliza kufunga bendeji. Yanakaza jioni. Nikikata kona ya mtaa wetu yanaanza kupanda, na nikifika mlangoni kwangu yamefika masikioni. Nyumbani hakuna anayenipiga, msije mkanielewa vibaya. Yupo mtu, na ananipenda. Lakini siku hizi anaponifungulia mlango ananitazama kana kwamba natoka kuiba. Najua atauliza, na najua jibu lolote nitakalotoa halitamtosha. Kwa hiyo nasimama kwanza nje ya geti asikoniona, nashika ukuta, napumua kama ninavyowafundisha nyinyi, ndiyo naingia. Zamani uchovu wa kazi ulikuwa unaniachia kidogo; sasa ninapoingia sauti yangu huwa imekwisha yote. Naingia na ile ya kuulizia geti."

Kisha mwanamke mmoja upande wa dirisha akasema, "Pole, mwanangu."

"Asante, mama. Nimeshasema, sasa yameshuka kidogo. Haya, nani anafuata?"

Yule mwanamke akasema lake. Koo ndilo linalomkaba kila simu ikilia, kwa sababu mwanawe aliwahi kupotea na alipigiwa simu kuambiwa amepatikana akiwa katika hali mbaya. Mzee akasema mgongo. Sauti ya kijana wa kiume ikasema meno, anayasaga usingizini. Niliwasikia kama watu wanaoongea chumba cha pili. Nilitaka kuinuka nipige kelele, si kweli, mimi nauliza tu, kuuliza ni dhambi? Nilitaka kuuliza Mtaalamu anafanya nini humu wakati mambo ya nyumba yangu yanaanikwa. Mambo yote hayo yalinijia, na chini yake kulikuwa na jambo moja ambalo halikuondoka: nilijaribu kuukumbuka uso wake jioni anapoingia, nikashindwa. Nilikuwa namchunguza kila siku, na sura yake ya pale mlangoni sikuwa nayo.

Nyayo zilikuja taratibu hadi kwenye godoro langu. Nikasikia magoti yake yanagusa sakafu.

"Na wewe?" akasema.

Ningefungua mdomo, sauti yangu ingeniumbua.

"Unakaza wapi?"

Ilikuwa sauti ile. Ilikuwa karibu na sikio langu, ina joto, ya kwangu peke yangu, kama nilivyoitamani tangu siku ya korido. Nilidhani nikiipata nitafurahi. Machozi yalinitoka yakalowesha kile kitambaa, na sikuweza kuinua mkono kuyafuta, kwa sababu angeviona vidole vyangu vyenye gundi.

"Si lazima useme," akasema. "Lala tu. Hapo ulipo panatosha."

Akainuka, akaenda kwa mwingine.

Mazoezi yalipokwisha nilisubiri hadi nikasikia watu wengi wanatoka, ndipo nikajitoa nimeinamisha kichwa. Nikavuta viatu vyangu bila kuvivaa sawasawa, nikapita mapokezi. Shemeji alinyanyua kichwa, akafungua mdomo kunitania, akaufunga. Nilikuwa nimeshavuka geti la hospitali niliposikia mtu ananiita.

"Fundi, subiri. Zamu yangu imekwisha."

Nilisimama. Mke wangu alikuja na mkoba wake begani, akanikuta, tukaanza kutembea. Tulipita duka la dawa na kinyozi.

"Nilikuona unavua viatu," akasema.

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo. Ile kofia nilikununulia mimi."

"Ukajua nipo, ukasema yale?"

"Kanuni ni kusema kweli." Alitembea kidogo, akaongeza, "Na ulikuwa umelala, umefunikwa macho. Sijawahi kukupata hivyo. Nikikuambia nyumbani unanikatiza kabla sijafika katikati. Pale ulikuwa huna pa kunitazama."

"Umeniaibisha mbele ya watu."

"Hakuna aliyejua ni wewe. Wewe ndiye uliyejua."

Tuliendelea. Jua lilikuwa limelegea, watoto wanatoka shuleni wanasukumana. Nilijaribu kusema samahani, lakini neno lilikuja na maelezo mengi nyuma yake, kwamba mwanamume mwenye mke mzuri lazima awe na hofu, kwamba hata yeye angekuwa mimi angeuliza, nikaona bora nisiseme. Samahani yenye maelezo angeipokea vipi? Alikuwa ameshayasikia maelezo yangu yote.

"Ile kazi sijawajibu," akasema mwenyewe. "Nataka kwenda. Kazi yenyewe naipenda. Lakini sitaki kwenda kwa sababu nakukimbia. Sasa sijui nikijibu ndiyo, ni mguu upi unaotangulia, wa kupenda kazi au wa kukukimbia."

Nilisema, "Nimekusikia." Lilikuwa neno moja tu na sidhani kama niliwahi kumwambia kabla ya hapo.

Alinigeukia kidogo. Nilimwona anatabasamu, tabasamu dogo la uchovu, na hapo, badala ya kushukuru, kale kadudu kakaamka ndani yangu. Wivu hauna adabu. Nimeambiwa nimeumiza, nimelia kwenye godoro langu mwenyewe, na bado swali lilikuwa tayari limeshafika kwenye ulimi: na yule Mtaalamu, naye anahamia huko?

"Na yule..." nikaanza.

Tulikuwa tunakata kona ya mtaa wetu. Niliyaona mabega yake. Yalipanda yote mawili, chini ya gauni la kazi, polepole, kama mtu aliyesikia baridi shingoni. Halikuwa jambo kubwa. Mtu mwingine asingeona. Mkoba ulisogea, shingo ikafupika, na uso, ule uso ambao sikuweza kuukumbuka, ukawa pale mbele yangu umejiandaa. Nilimjua mwanamke yule miaka mingi nikidhani ndivyo alivyoumbwa, na kumbe mabega yake kwa asili yako chini.

"Na yule nani?" akauliza. Ilikuwa sauti ya kuulizia geti.

Nililigeuza swali pale pale ulimini.

"Na yule Jenerali," nikasema. "Siku hizi anakula vizuri?"

Alinitazama. Alijua kabisa kwamba sikutaka kuuliza hilo. Alitembea hatua chache, halafu akasema, "Anakula. Jana aliomba aongezwe."

Mabega hayakushuka yote. Yalishuka kidogo.

Nyumba yetu ilikuwa inaonekana sasa, geti lake na pazia langu la dirishani. Nilitoa ufunguo wangu mfukoni nikampa, ingawa wake alikuwa nao.

"Tangulia," nikasema. "Mimi napita dukani."

"Kununua nini?"

"Misumari."

Misumari nilikuwa nayo ndoo nzima, na alijua hilo pia. Akauchukua ufunguo, akaenda. Mimi nikavuka barabara hadi dukani, nikasimama kwenye kaunta nimeipa nyumba mgongo. Muuzaji akaniuliza nataka nini, nikamwambia angoje kwanza. Nyuma yangu alikuwa anafika getini. Nilitaka kugeuka nione kama anasimama na kushika ukuta, au anaingia moja kwa moja, au anatoa simu. Shingo ilinivuta kweli kweli. Sikugeuka. Nilitazama makopo ya rangi kwenye rafu hadi nikasikia mlango wetu unafunguka, ukafungwa, na hata hapo nikaendelea kuyatazama.